Kidevu Juu, Usitikisike

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Hospitali itatundika kwenye korido ya mapokezi picha za wafanyakazi wake arobaini waliotumikia miaka mingi kuliko wote. Kila mmoja apigwe picha popote anapopenda, kisha ailete kabla ya Jumatatu ijayo. Habari imeletwa na mke wangu, ambaye ni dobi wa hospitali hiyo mwaka wa kumi na tisa sasa. Alisema huku akivua viatu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

"Popote anapopenda"! Kana kwamba kuna popote. Mtaa huu una studio mbili. Yangu, juu ya duka la rangi: miaka ishirini na miwili, taa tano, mapazia manne ya nyuma, likiwemo lenye maporomoko ya maji. Na ile ya ng'ambo ya barabara.

Ya ng'ambo ni ya Bi Taratibu. Jina hilo nimempa mimi. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Miaka kumi akifuta watoto makamasi, leo anajiita mpiga picha. Ana taa moja. Moja! Na dirisha. Mlangoni ameandika: NJOO UONEKANE. Uonekane! Wateja wangu wengine wana kilo mia na kumi. Wanahitaji msaada gani kuonekana?

Lakini watu wanaingia kwake wamekunja mabega, wanatoka wakitembea kama wameshinda uchaguzi. Wangu wanatoka kama wameng'olewa jino. Ni kawaida. Ukweli unauma.

Arobaini. Nimefagia studio mwenyewe. Dada yangu mkubwa, anayekaa mapokezi na kuandika majina ya wateja, ameuliza kama ninaumwa.

Jumanne, 4 Machi

Mteja wa kwanza! Mpishi mkuu wa hospitali. Mama mpana, mcheshi, amevaa gauni la kijani na viatu vipya ambavyo ni dhahiri vinambana. Aliingia akisema mbele ya kamera huwa anaona aibu, nimsaidie.

Nikamsaidia. Nilimwambia wazi kwamba tatizo lake ni nyonga, lakini asihofu, nina chombo kikubwa cha maua kwa ajili hiyohiyo. Nikamsimamisha nyuma ya chombo. Nikamwambia ainue kidevu. Akainua. Nikamwambia si hicho, kile cha juu yake.

Nikamwambia atabasamu. Akajaribu. Nikamwambia asitabasamu.

Picha ilitoka vizuri sana. Maua yamekaa sawia. Yeye aliitazama, akauliza kwa sauti ndogo kama ndivyo alivyo. Nikamwambia kamera haina undugu na mtu. Akaenda zake bila kuaga.

Dada yangu akanitazama. Akasema yule mama alipopanda ngazi alikuwa akiimba. Nikamjibu hii ni studio, si kwaya.

Saa nane mchana nikamwona mpishi akiingia ng'ambo. Saa tisa na nusu akatoka. Viatu mkononi. Anaimba!

Jumatano, 5 Machi

Wafanyakazi tisa wa hospitali wameingia kwa Bi Taratibu asubuhi pekee. Nimewahesabu kupitia pazia. Kwangu ameingia mmoja, akaomba kuonyeshwa choo.

Hapa kuna siri. Ama anawapa kitu wanywe, ama ana lenzi fulani. Mwalimu wa chekechea hawezi kunishinda kwa haki.

Nimemtuma dada yangu akapeleleze. Ajifanye mteja, akague taa, lenzi, rangi ya kuta, kinywaji. Nilimpa orodha. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu, akavuka barabara. Nikangoja. Saa moja. Saa moja na nusu!

Akarudi macho yamelowa, picha ameikumbatia kifuani. Hakumbuki lenzi. Hakumbuki rangi ya kuta. Orodha ameisahau kule. Nikamuuliza sasa huyo mwanamke alimfanyia nini.

"Aliniuliza habari zangu," akasema.

Nikamwambia hata mimi huwauliza wateja habari zao.

"Ndiyo, mdogo wangu. Ila yeye alikaa akasikiliza."

Miaka sita namlisha mpelelezi huyu! Ati akamsimulia jinsi alivyowahi kuwa mkimbiaji hodari shuleni, na jinsi mama alivyomwachisha masomo ili anilee mimi. Nilimwuliza hayo yanahusiana vipi na picha. Akanionyesha.

Sawa. Amekaa vizuri. Amekaa kama mtu anayesubiri filimbi ya kuanza mbio. Lakini bega la kushoto limeingia kivulini, jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi mmoja asingeliruhusu. Nilimweleza. Akaifunga picha kwenye khanga, akarudi mapokezi, na tangu hapo ananiita "bosi".

Alhamisi, 6 Machi

Nimefumbua fumbo! Sifa. Yule mwanamke anawasifia. Watu wanakula sifa kama mbuzi anavyokula karatasi.

Mimi sina kipaji cha uongo, ila nina mwandiko mzuri. Nimeandika kadi ishirini za sifa, nikazipanga juu ya kamera. Mteja akikaa, nachomoa moja na kuisoma kwa hisia. Kwa nini nijichoshe kuwatazama mmojammoja? Sifa ni sifa.

Wateja wawili wamekuja. Wa kwanza, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye ana haraka hata akiwa amekaa. Nikachomoa kadi. "Nywele zako zina afya ya kupendeza." Dereva ana upara. Upara kamili, unaoakisi taa zote tano. Akacheka, akasema nipige upesi, gari linawaka. Nikapiga. Alikuwa akipepesa macho, lakini muda ni muda.

Wa pili, mzee mrefu, mpole, suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka mikono. Nikamketisha, nikachomoa.

"Ukiingia mahali, watu wote hutulia."

Mzee akanitazama. Nikaona kadi inafanya kazi, nikaongeza nyingine.

"Kila unayemhudumia hana lalamiko hata moja."

Ndipo akauliza, kwa adabu kabisa, kama najua kazi yake. Sikujua. Ni mhudumu wa chumba cha maiti. Mwaka wa ishirini na saba.

Akasema huwa anawaosha watu kwa mikono yake na kuwachana nywele ili ndugu zao wakija wawatambue. Akasema hakuna aliyewahi kumpiga picha ya kazi, maana watu hawapendi kumkumbuka. Alidhani leo ndiyo siku yenyewe. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanishukuru kwa muda wangu. Alinishukuru! Kisha akavuka barabara.

Chai ya jioni nimeiacha nusu. Labda vumbi. Nimezichana kadi. Si kwamba wazo ni baya. Wateja ndio hawakuja na sura zinazolingana na kadi.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo mengine hutumi mtu, unayaendea. Leo nimeingia ng'ambo mwenyewe.

Nilijigeuza. Koti la mvua la shemeji yangu, kofia ya pama, miwani myeusi. Nikasema mimi ni muuza magodoro kutoka mji wa jirani. Bi Taratibu akasema karibu sana, keti. Wala hakushtuka. Mjinga wa mwisho!

Nikakagua. Taa moja, ya kawaida. Lenzi ya kawaida, niliitupa ya namna hiyo mwaka juzi. Kuta nyeupe. Kinywaji: maji. Siri hakuna. Kamera yenyewe ilikuwa mezani, naye amekalia kiti mkabala nami kama mgeni aliyekuja kuamkia.

Akauliza ninapenda nini katika uso wangu. Swali la kipuuzi. Nikasema sina la kusema. Akauliza nini nisichopenda. Nikasema masikio. Limenitoka tu! Akauliza tangu lini.

Sikutaka kujibu. Nikajibu.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alituita sote, akaleta mpiga picha wa mjini, picha ya kwanza na ya mwisho ya familia yetu. Yule bwana akatupanga kwa urefu, kisha akanyoosha kidole. "Yule wa masikio akae nyuma ya kiti." Nikakaa nyuma ya kiti. Picha hiyo ipo mpaka leo kwa dada. Baba yupo, mama yupo, dada yupo, mbuzi yupo. Mimi ni vidole vinne vilivyoshika mgongo wa kiti.

Nikamwambia Bi Taratibu kwamba siku hiyohiyo niliamua nitakuwa mpiga picha. Maana nani atamwambia mpiga picha atoke kwenye picha? Hayumo tangu mwanzo.

Hakusema pole. Aligeuza kiti changu kidogo kuelekea dirishani, akasema, kama hutajali, tuvue kofia. Nikavua. Na miwani. Akapiga mara tatu tu. Tatu! Mimi hupiga arobaini.

Akanionyesha. Sina la kuandika kuhusu picha hiyo. Mtu mmoja amekaa, masikio yake yote mawili yapo, mwanga wa dirisha unapita ndani yake na kuyafanya mekundu kama ya mtoto. Anaonekana ni mtu ambaye ungeweza kumwambia jambo. Si mimi. Lenzi mbovu.

Machozi yalinitoka kwa sababu ya dirisha. Jua kali.

Mlangoni akaniambia nimsalimie dada yangu. Akaongeza kwamba hajawahi kuona muuza magodoro mwenye vidole vyenye alama za dawa za kusafishia picha kama vyangu.

Alijua tangu mwanzo! Mnafiki wa kutupwa. Nilirudi nikipitia uchochoro wa nyuma.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevunja kalamu mbili kabla ya kuanza kuandika. Kwa hasira.

Asubuhi Bi Taratibu aliweka picha mpya kwenye dirisha lake la mbele. Watu wakajazana. Nikavuka barabara kwa sababu za kitaalamu.

Picha kubwa ya mwanamke. Mikono ya blauzi imekunjwa mpaka kiwiko. Viganja vimechakaa kwa maji na sabuni, na badala ya kuvificha, kama anavyofanya mtu mwenye akili, viko mbele kabisa, vimepakatwa. Kichwa kimeinamia upande, anacheka na mtu asiyeonekana. Nywele zimeachia kidogo upande wa kulia. Kona ya chini ina giza. Nilihesabu makosa saba.

Lakini sikuondoka. Sura ile! Ni sura ya mtu anayejua kisa kizuri, na ukikaa naye atakusimulia mpaka uchelewe kazini. Nikajiuliza ni nani. Nikajiuliza anaishi wapi mwanamke wa namna hii, na mumewe ni bwege gani anayemwacha aende kupigwa picha na mwalimu wa chekechea. Nilisimama pale dakika kumi nzima.

Muuza miwani wa duka la pembeni akaja akasimama kando yangu. Akatikisa kichwa.

"Shemeji ametoka vizuri, wallahi."

Nikamuuliza shemeji yupi.

Akanitazama. Akatazama picha. Akanitazama tena. Kisha akasema nipite dukani kwake wakati wowote, kupima macho ni bure.

Nilifika nyumbani nikitweta. Mke wangu alikuwa akipiga pasi. Nikamuuliza ilikuwaje. Mume ana studio, taa tano, mapazia manne, naye anakwenda kunidhalilisha ng'ambo!

Hakuinua macho kwenye pasi. "Mwaka juzi nilikuomba picha," akasema.

Nikamwambia nilimpiga.

"Ulinipiga ya kitambulisho. Ukaniambia nisipepese."

Nikamwambia sheria za vitambulisho sikuzitunga mimi.

"Yule mama alinikalisha, akaniuliza kazi ya dobi ikoje. Nikamsimulia mashuka ya wodi ya wazazi. Jinsi ninavyojua mtoto amezaliwa kabla hata baba yake hajaambiwa. Nikacheka mwenyewe." Akakunja shati langu. "Umewahi kuisikia hadithi hiyo?"

Sijawahi. Lakini mwenye kosa ni nani, asiyesikia au asiyesema? Nikamwuliza hivyo. Akaning'iniza shati, akaenda kulala kwa mama yake, ambaye chumba chake kiko ng'ambo ya ua. Saa kumi na moja jioni! Jua bado liko juu!

Chakula nimejipikia. Nimekiunguza. Ni ule mkaa.

Jumatatu, 10 Machi

Sherehe ya picha hospitalini. Nilikwenda kwa sababu msanii hakimbii. Mke wangu alikwenda na mama yake, walitembea hatua kumi mbele yangu.

Korido imejaa. Picha arobaini, safu mbili. Thelathini na tisa ni za Bi Taratibu. Yangu ni moja.

Mpishi yuko pale bila maua yoyote. Upana wake wote, mwiko begani kama bunduki ya mlinzi wa ikulu. Watu wanapiga makofi. Mhudumu wa chumba cha maiti amepigwa akiwa ameshika kitana. Kitana tu, na ile suti ya kijivu. Mbele ya picha hiyo watu walikuwa wamenyamaza. Mama mmoja akamwendea yule mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kitu sikioni. Mzee akawa anaitikia kwa kichwa, anaitikia, hawezi kuacha.

Kuchezea hisia za watu. Mambo rahisi.

Picha yangu, ile ya dereva, imetundikwa karibu na mlango wa choo. Mwangaza safi kabisa. Macho yamefumba, ndiyo, upara unang'aa, lakini ukali wa picha hauna mfano. Mgeni mmoja mwenye tai akasimama mbele yake, akavua kofia, akauliza marehemu alifariki lini.

Dereva alikuwa kando yangu. Akasema Alhamisi, studio. Watu wakacheka mpaka mtu mmoja akaegemea ukuta. Mke wangu pia alicheka. Aliinamisha kichwa upande, na nywele zikaachia kidogo kulia. Nikaona.

Nikaona kwamba kona ile ya korido ina mwanga mbaya.

Bi Taratibu akaja kunisalimu mbele za watu. Akasema kama ningependa, kuna wateja wanaotaka picha za harusi, zenye watu wengi na taa nyingi, kazi asiyoiweza, naye angefurahi kuwaleta kwangu. Na akasema, polepole kama kawaida yake, kwamba kazi hii haina siri, ni kumpa mtu nafasi mpaka aje mwenyewe.

Nafasi! Nikaelewa papo hapo. Studio yake ina mita za mraba nyingi kuliko yangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimevunja ukuta wa stoo. Studio sasa ni kubwa kuliko yake kwa hatua nne. Mafundi waliacha vumbi kila mahali, dada yangu amekohoa siku nzima na kuniita bosi kati ya kikohozi na kikohozi.

Saa saba mchana, jambo la ajabu. Mke wangu. Amekuja studio mwenyewe, wakati wake wa mapumziko, na nguo zake za kazi. Hajapanda ngazi hizi tangu ile picha ya kitambulisho. Akasema picha ya ukutani ni ya hospitali. Anataka nyingine, ya nyumbani, na anataka niipige mimi. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili kama msichana aliyekuja kuomba kazi.

Nilijua angerudi. Ubora haufichiki.

Nikamweka katikati kabisa ya nafasi mpya. Taa zote tano. Nikavuta maporomoko ya maji. Nikaketi mkabala naye kama nilivyoona inafanywa, nikamuuliza kwa upole mkubwa habari za kazini.

Akaweka mkoba chini. Kisha uso wake ukaanza kufunguka. Akasema jana wodini wamezaliwa mapacha, na kwamba yeye alijua kabla ya wote, kwa sababu shuka lililoletwa...

Pale pale nikaona kivuli chini ya pua! Taa ya pili. Nikaruka kuirekebisha. Nilipogeuka alikuwa bado ananiangalia, mdomo wazi, sentensi nusu. Nikamwambia asiongee, midomo inaharibu ukali wa picha. Kidevu juu. Asitikisike.

Hakutikisika. Sijawahi kupata mteja mtulivu namna ile. Nikapiga arobaini.

Imetoka picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Kila kitu kinaonekana: vifungo vinne, mshono wa kola, mpaka uzi mmoja uliochomoka begani. Niliikuza palepale nikaitia kwenye fremu. Nilipotoka kumwonyesha alikuwa ameshaondoka. Dada alisema mapumziko yake yaliisha. Alisema pia kwamba mke wangu amemsimulia ile habari ya mapacha yote, pale mapokezi, na kwamba wamecheka mpaka wakashikana.

Nikamuuliza kama alisema lolote kuhusu mwanga.